Kuteuliwa kwa Watoto Wenye Akili: Habari za Elimu ya Gazi na Pwani ya Kusini

Msafiri atokaye Mombasa kwa njia ya kusini, akisha kuvuka Likoni na kuzipita Waa, Tiwi, Ukunda na Diani, hufika Gazi, kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi kilichojificha nyuma ya mikoko, yapata kilomita 50 kutoka mjini. Na humo huonyeshwa nyumba kubwa ya mawe iliyokuwa ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, ambayo vyumba vyake, zama zake zilipokwisha, vilitumiwa kuwa madarasa ya watoto wa kijiji. Wenye kuandika tarehe wameshughulika sana na vita vya bwana huyu, na haki ni yao, kwani vilikuwa vita vikubwa. Mimi nakusudia habari nyingine, isiyopigiwa baragumu wala kuandikwa katika barua za makonsuli, nayo ni namna watoto wa upande huu walivyopimwa, wakateuliwa na kutengwa, tangu siku za chuo cha mwalimu mmoja hata siku hizi za shule za kitaifa. Watu wanabishana sasa kama yafaa mtoto mwenye kipaji kutolewa miongoni mwa wenziwe na kuwekwa katika shule yake makhsusi, na hubishana kana kwamba mas'ala hayo yamezuka jana. Hayakuzuka jana. Pwani hii imekuwa ikiteua watoto wake kwa zaidi ya karne, ila kila zama zilikuwa na mizani yake na mshika mizani wake.

Mizani ya kwanza ilikuwa chuo. Mtoto alipelekwa na mzazi wake kwa mwalimu, akakaa juu ya mkeka barazani au pembeni mwa msikiti, akaanza alifu na bee, kisha irabu, kisha sura fupi za Juzuu Amma, na hivyo akaendelea hata akauhitimu msahafu. Mtu aliyesoma shule za leo, akikitazama chuo cha namna ile kwa mbali na kusikia sauti ishirini zikisoma mahali ishirini mbalimbali kwa wakati mmoja, atadhani ile ni ghasia tupu; walakini ndani ya ghasia ile mlikuwa na nidhamu ambayo shule zetu zimeipoteza. Kila mtoto alikuwa na somo lake mwenyewe. Mwalimu alimwita mmoja mmoja, akamsikiliza, na aliyelihifadhi somo lake vizuri aliongezewa, na asiyelihifadhi alirudishwa kulirudia, bila ya huyu kumngoja yule wala yule kumburuta huyu. Mwenye fahamu nyepesi aliweza kuhitimu mapema sana, na ndugu yake mzito akachukua miaka maradufu, na wote wawili wakawa wamekaa mkeka mmoja, na siku ya khitma kila mmoja akapikiwa na kushangiliwa kwa kadiri ya uwezo wa wazee wake. Tena yule aliyetangulia hakuondolewa: alikabidhiwa wadogo awasomeshe, na kwa kuwasomesha akayakinisha yale aliyoyasoma.

Kutengwa kulikuja baadaye, mtoto akisha kuwa kijana na tabia yake kujulikana. Hapo ndipo mwalimu alipomwambia mzazi kwamba kijana huyu ana akili ya ilimu, asiachwe kuishia katika minazi na madema, apelekwe kwa masheikh. Akapelekwa Mombasa, au Lamu kwenye Riyadha ya Habib Saleh, au Unguja, akakaa katika darsa, akasoma nahau na fiq'hi kitabu baada ya kitabu, akianzia Safinatun Najah na kupanda hata vitabu vikubwa. Katika Unguja walikuwapo Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, wote wawili waliofariki mwaka 1925, na vijana wa pwani nzima walivuka bahari kwenda kuwasikiliza. Miongoni mwao alikuwamo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891, akalelewa katika yatima na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali, akaja kuwa mwenye kuhariri gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake 1947. Mwanachuoni wa namna ile hakuteuliwa kwa karatasi ya siku moja, bali kwa jicho la mwalimu aliyekaa naye miaka mingi, akamwona akikosea na akijirekebisha.

Nisidhaniwe kuwa nausifu mtindo wa kale kwa sababu tu ni wa kale. Jicho la mwalimu lina upofu wake. Liliona zaidi mtoto wa nyumba zenye jina kuliko mtoto wa mvuvi, na mtoto wa mtumwa halikumwona kabisa, au lilimwona likanyamaza. Na binti, hata akiwa hodari kuwapita kaka zake wote, aghalabu alihitimu msahafu wake akafungiwa ndani akingoja kuozwa. Fauka ya hayo, chuo kilipima hifdhi kuliko fikira, na kijana mwenye akili ya hesabu au ya mikono hakuwa na wa kumtambua ila fundi wa jahazi. Lakini kanuni yake ya asili ilikuwa sahihi, nayo ni kumpa kila mtoto somo la kiasi chake mahali pamoja na wenziwe, na kuchelewesha kutengana.

Kisha ikaja serikali ya Kiingereza. Sheikh Mbaruk, mwana wa liwali wa mwisho wa Kimazrui aliyetawala Mombasa kabla ya Seyyid Said kuwavunja mwaka 1837, alishika silaha tena mwaka 1895. Ngome yake ya Mweli ikatekwa Agosti ya mwaka ule, na Aprili 1896 akavuka mpaka na watu wake kuingia katika nchi ya Wadachi, akaishi Dar es Salaam mpaka akafa huko 1910. Gazi ikabaki bila mkubwa wa kuisemea mbele ya watawala wapya. Jambo hili lina taathira katika habari ya elimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa shule za mwanzo za serikali hazikufunguliwa kwa kutazama watoto wako wapi, bali kwa kutazama nani anasikilizwa. Mwaka 1912 ilifunguliwa Mombasa shule ya serikali ya watoto wa Kiarabu. Kwa Wadigo ilijengwa shule ya Waa, na kwa muda mrefu ikawa ndiyo tegemeo la pwani yote ya kusini, watoto wakitoka mbali kwenda kulala huko. Wamisionari, waliojenga Rabai na Ribe na Kaloleni na kuzijaza shule, hawakupata nafasi kubwa kusini, maana wenyeji walikuwa Waislamu na waliogopa mtoto kurudi na jina jingine. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wake, ila gharama yake ililipwa na vizazi vilivyofuata.

Hivyo mteuzi wa kwanza katika zama za Kiingereza alikuwa nasaba, wala si akili. Mzungu alikuwa na shule zake, Mhindi zake, Mwarabu zake, na Mwafrika za mwisho. Na katika kijiji kama Gazi, ambapo damu zimechanganyika hata ndugu wawili wa tumbo moja huweza kutofautiana rangi, mgawanyo huo ulikuwa dhihaka. Kijana mwenye akili za kupita kiasi, akiandikwa kabila hili, alifunguliwa mlango. Akiandikwa lile, aliambiwa angoje.

Mteuzi wa pili alikuwa mtihani, naye alikuja kwa sura ya uadilifu. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliipanga elimu ya Waafrika wa Kenya mfano wa piramidi: miaka minne ya mwanzo kwa wengi, kisha mtihani wa mashindano, miaka minne ya kati kwa wachache, kisha mtihani mwingine, na miaka minne ya juu kwa wachache mno. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la nne, pengine hajatimiza miaka kumi na miwili, aliketi mbele ya karatasi iliyoamua kama atakuwa karani na mwalimu au atarudi kwenye mitego ya samaki. Waingereza walikuwa wakifanya jambo la jamii hiyo kwao pia: sheria ya elimu ya 1944 iliwapeleka watoto wa miaka kumi na mmoja katika shule za aina mbalimbali kwa mtihani, na wazazi wao wakalalamika hata mwaka 1965 serikali yao ikaziomba mamlaka za elimu zianze kuuacha mtindo huo. Kule, aliyeshindwa alikwenda shule nyingine. Huku, aliyeshindwa hakuwa na shule.

Inafaa tukumbuke kwamba kipimo cha akili chenyewe hakikuzaliwa kwa kazi hii. Alfred Binet na mwenziwe Simon, walipokitunga Paris mwaka 1905, walikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi ili wasaidiwe. Waliokuja nyuma yao wakakigeuza kuwa mlango wenye bawabu.

Sasa nitamtaja mtu mmoja, kwa kuwa habari yake inatosha kuwa hoja. Sheikh Al-Amin niliyemtaja hapo juu aliacha mwana aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, jina lake Ali, wa ukoo uleule ulioitawala Gazi. Kijana huyu alifiwa na babake akiwa na umri wa miaka kumi na minne, na alipokalia mtihani wa cheti cha Cambridge alipata daraja ya tatu, daraja ya watu ambao mlango wa Makerere haukuwafungukia. Kwa mizani ile, basi, hakuwa mwenye kipaji. Akaajiriwa ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile iliyojengwa kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, za Aga Khan, za Mabohora na za serikali ya Uingereza, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Na angaliweza kuzeekea pale mezani pake akipanga majalada. Ikatokea siku ya Maulidi akasimama kuhutubia, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Gavana, Sir Philip Mitchell, akapendezwa na usemi wake, akauliza habari zake. Na kutokana na kusikika huko akapata njia ya kwenda kusoma Uingereza.

Yaliyofuata yanajulikana. Alianza upya Huddersfield na masomo ya sekondari ambayo wenziwe walikuwa wameyamaliza zamani, akapata shahada Manchester mwaka 1960, nyingine Columbia mwaka uliofuata, na ya uzamivu Oxford mwaka 1966. Akawa profesa katika Makerere ileile ambayo hakustahili kuingia akiwa mwanafunzi. Mwaka 1979 akatoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC, na mwaka 1986 akatengeneza filamu za televisheni juu ya urithi wa sehemu tatu wa Afrika, zilizozua mabishano mpaka Marekani. Alipofariki mwaka 2014 aliletwa akazikwa Mombasa, katika makaburi ya Wamazrui. Watetezi wa kuwateua watoto mapema husema kwamba asiyetenganishwa hupotea. Mimi nasema, huyu alitenganishwa, na akatupwa upande usio wake, akaokolewa na hotuba ya bahati. Nani atatuhesabia makarani wengine waliokuwa na akili kama yake, ambao siku ya Maulidi hawakupewa kusimama, au walisimama na Gavana hakuja?

Baada ya uhuru tume ya Ominde, katika ripoti yake ya 1964, ilipendekeza kuondolewa kwa ubaguzi wa rangi katika shule, na hilo lilikuwa jambo kubwa lisilofaa kudharauliwa. Piramidi lenyewe lilibaki. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ukabadilika majina, hata ulipoanzishwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 ukaja mtihani wa darasa la nane, KCPE, ambao uliendelea mpaka 2023. Na juu yake zikakaa shule za kitaifa, zikiokota alama za juu kutoka nchi nzima. Shule hizo zilikuwa 18 kabla ya 2011, na katika hizo hapakuwa hata moja katika mkoa wote wa Pwani. Mtoto wa Gazi aliyefaulu kupita wenziwe wote alituzwa kwa kupelekwa Kikuyu au Thika au Nakuru, mahali pa baridi na lugha ngeni, na wazazi wake wakauza minazi, au wakakopa, au wakamzuia asiende. Wengi walizuiwa, hasa wasichana. Ndipo serikali ilipoanza kuzipandisha daraja shule za majimboni, na Kwale ikapata zake, Shule ya Wasichana ya Matuga ikiwamo. Na baada ya ugatuzi wa 2013 serikali ya kaunti ikaanzisha mpango wa Elimu ni Sasa, wa kuwalipia karo kamili walioitwa katika shule za kitaifa, na watoto wengi wa maskini wakasoma kwa mpango huo ambao bila yake wasingalisoma. Hilo ni jema, na aliyelifanya ana ujira wake. Walakini tutazame pia upande wa pili wa shilingi: fedha zilifuata alama, na alama hufuata shule iliyo na walimu na vitabu, na mtoto wa bara ya Kinango asiyekuwa na hata meza hupimwa kwa ufito uleule wa mtoto aliyesomeshwa kwa malipo huko Ukunda. Kilichopimwa hapo kwa sehemu kubwa ni mahali alipozaliwa mtu.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Lungalunga walishika njia yao, nayo ina mafunzo. Huko Tanganyika, Waingereza waliijenga Tabora kwa wana wa machifu, na humo ndimo alimosomea Julius Nyerere tangu 1937. Kisha taifa huru likaziweka Tabora, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato kuwa shule za watoto wenye vipaji maalumu, wanaochaguliwa kwa ufaulu kutoka kila pembe ya nchi na kusomeshwa na serikali. Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuwa na raha na jambo hili. Aliwafananisha wasomi wachache na kijana aliyepewa na wanakijiji wenye njaa chakula chao chote kilichosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada, akaonya kwamba asiporudi amewasaliti. Na katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, akashutumu shule za msingi kuwa ni vyumba vya kungojea mtihani ambao wengi wataushindwa. Hata hivyo shule za vipaji hazikufungwa. Na kwa insafu niseme kwamba ziliwatoa vijana wa wakulima waliokuja kuwa madaktari na wahandisi, wala siwezi kumwambia mama aliyemwona mwanawe akitoka katika shamba la mkonge kwenda Ilboru kwamba jambo lile lilikuwa baya.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba mtoto mwepesi azuiwe ili asimtangulie mzito. Hiyo ni dhuluma ya namna nyingine, na kila mwalimu amemwona mtoto wa namna hiyo, aliyemaliza kazi yake kabla ya wengine kufungua daftari, akageuka kuwa mtundu kwa kukosa la kufanya. Ninachokikataa ni kumtenga mapema, kwa karatasi moja, na kumtengea pamoja naye vitabu, walimu wazuri na fedha, kisha kuwaambia waliobaki kwamba hiyo ndiyo kadiri yao. Historia ya pwani hii, tangu sheria za nasaba hata alama za KCPE, inaonyesha kwamba kila mlango uliofunguliwa kwa wateule ulijengwa kwa mawe yaliyotolewa katika ukuta wa shule ya wengi.

Gazi yenyewe imekwisha kutoa jawabu lake, ingawa haikuliita jawabu. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, wakihifadhi hekta 117 za mikoko katika ghuba yao na kuuza hesabu ya kaboni, takriban tani 3,000 kwa mwaka, kwa wanunuzi wa ng'ambo. Mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Fedha zilipoingia, wanakijiji walikaa kitako kuamua zitumikeje. Wangeweza kuchagua vijana wawili watatu hodari wakawasomesha mpaka wawe maprofesa, na jina la kijiji likavuma. Waliamua kuvuta maji, na kununua vitabu na kutengeneza majengo ya shule za msingi za vijiji vyote viwili, kwa kila mtoto aliyeandikishwa. Kitabu hicho humfikia pia yule mwenye kipaji ambaye bado hakuna aliyemtambua, na hao ndio wengi.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, wakagawanywa katika njia tatu, ya sayansi na hisabati, ya masomo ya jamii, na ya sanaa na michezo, na shule zikapangwa katika ngazi nne. Tumeingia basi katika uteuzi mwingine, wenye majina mapya. Ninawaomba wenye kushika hatamu za elimu katika Kwale, na wazazi wanaokaa katika kamati za shule, wadai mambo mawili kabla ya kuzoea ngazi hizo: kwamba shule ya Msambweni au ya Gazi iwe na mwalimu wa kumwongezea somo mtoto mwepesi palepale alipo, na kwamba kijana aliyewekwa njia isiyo yake awe na ruhusa iliyoandikwa, isiyohitaji gavana wala hotuba, ya kuvuka kwenda nyingine.